Mama mdogo anataka oveni, mimi nataka sufuria nzito

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Moshi mjini. Mungu akipenda naolewa mwezi wa tisa, na kicheni pati imebakiza wiki tano. Mwenyekiti wa kamati ni mama yangu mdogo, aliyenilea tangu niko darasa la nne na ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo nikisema ninayoyasema usidhani simheshimu.

Shida ni orodha ya zawadi. Mama mdogo ameniambia niiandike mwenyewe, niilete Jumapili baada ya ibada, lakini papo hapo akanipa na karatasi ya "kuniongoza". Ameinakili kutoka kicheni pati ya binti wa rafiki yake, ile iliyosemwa mji mzima. Kuna jiko kubwa la pleti sita, nne za gesi na mbili za umeme, lenye oveni chini. Kuna maikrowevu, eya fraya, mashine ya kahawa, tosta, mashine ya kukamulia juisi, seti ya vyombo vya mezani vipande 72, na sufuria za nonstiki za rangi ya dhahabu. Mwiko haumo. Kisu hakimo. Sufuria ya kupikia ndizi haimo.

Mwenzangu anafanya kazi Arusha, amepanga Sakina: chumba, sebule na jiko. Hilo jiko nimelipima kwa hatua, tatu kwenda mbele na mbili kwa upande. Soketi ni moja. Likiingia jiko la pleti sita, mimi nitapikia koridoni.

Tena mfano ninao nyumbani. Dada yangu aliolewa miaka sita iliyopita, akatoka ukumbini na vyombo vya kujaza kenta. Hadi leo maboksi mengine yako chini ya kitanda hayajafunguliwa, oveni aliiuza kwa nusu bei wakati wa ada za shule, na mwezi mzima baada ya harusi alikuwa anaazima upawa kwa jirani.

Nilijaribu kumwambia mama mdogo kwamba naomba sufuria nzito tatu, presha kuka na ndoo za maji. Alinyamaza, halafu akasema, "Yaani niwasimamishe watu ukumbini na sare zao, waje kukupa ndoo?" Nikaona nimemuumiza. Mchumba wangu anasema tuombe hela tu, tutanunua wenyewe. Mama mkwe naye, yuko Machame, ametuma salamu kwamba atashuka na kinu na mchi. Kinu, Shangazi, kwenye jiko la hatua tatu kwa mbili.

Kwetu tunapika ndizi mara tatu kwa wiki, maharage kila siku, kande Jumamosi, wali Jumapili. Mwenzangu amezoea kula kwa mama ntilie, na chipsi. Niandike nini, na mama mdogo nimwambieje?

Bibi harusi mtarajiwa, Moshi

* * *

Marahaba, mwanangu, na hongera.

Nilipofika pale kwenye upawa nilicheka peke yangu, maana na mimi yalinikuta. Kwenye yangu, mwaka 1996, nilipewa chupa za chai kumi na moja. Kumi na moja! Hakuna aliyeandika orodha, kila mtu akaenda dukani akawaza kwamba bibi harusi hakosi kunywa chai. Sufuria nilipata moja, nyembamba kama kopo la maziwa, ikatoboka kabla sijapata mtoto wa kwanza. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu mama mdogo, tumshukuru kwamba ametaka orodha. Angekaa kimya ungepewa saa za ukutani.

Ila hiyo karatasi yake iweke pembeni. Iliandikiwa nyumba ya mtu mwingine. Chukua daftari, andika mtakachokula Sakina wiki mbili za kwanza, mlo kwa mlo, na mbele ya kila mlo andika chombo kitakachoshika moto. Kazi hiyo umeshanirahisishia: ndizi, maharage, kande, wali. Mwenzako muongezee ugali na mayai, maana mwanamume aliyelelewa na mama ntilie hashibi bila ugali, hata akikuambia ameacha. Ukimaliza, hesabu ni chombo gani kimetajwa mara nyingi. Oveni hutaiona. Utaona sufuria, na kitu cha kuivishia maharage.

Tuanze na sufuria. Usiandike "seti ya sufuria", kwa sababu utaletewa zile saba zinazoingiana, za bati jepesi, ukizigonga zinalia kama kengele ya shule. Nne kati ya hizo zitakaa juu ya kabati hadi mifuniko ishike kutu. Andika tatu, na ueleze: ndogo ya maziwa na uji, ya kati ya lita 3 inayobeba wali wa nusu kilo, na kubwa ya lita 7 au 8 ya ndizi na ya siku ya wageni. Andika neno "nzito" na ulipigie mstari. Atakayekwenda dukani abonyeze ukingo kwa kidole gumba. Ukibonyea, aiache hapo hapo. Aiweke pia juu ya meza aone kama imetulia, maana sufuria yenye tumbo hucheza juu ya jiko la gesi, na wewe una mwiko mkononi unasonga ugali. Sufuria ya kitako kinene husambaza moto, na ndizi za maziwa zikiwekwa humo hazishiki chini ukigeuka kidogo kujibu simu.

Nonstiki chukua moja tu, fraipani ya mayai na chapati. Zile za dhahabu za seti nzima zitaonekana vizuri kwenye picha, halafu siku ya kwanza utasongea ugali, mwiko utachimba pembeni, shemeji yako atakuja kukusaidia kuosha kwa stilwaya, na kabla ya Krismasi ya pili rangi itakuwa kwenye mboga.

Sasa presha kuka, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu umeiomba bila kueleza sababu, na ukiieleza hata mama mdogo atakuelewa.

Unahama Moshi kwenda Arusha. Barabarani ni kama kilomita 80, lakini kwa mpishi tofauti ni ya mwinuko. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi. Unavyozidi kupanda, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha: Tanga au Dar yanachemka kwa nyuzi 100, Arusha yanachemka kwenye 95 hivi. Yatatokota kwa kelele zile zile na mapovu yale yale, lakini maharage hayadanganyiki. Yale uliyozoea kuyaivisha kwenu yatakuchelewesha, na mtungi wa gesi utaisha kabla ya mwezi wako. Waulize ndugu zako wa huko juu migombani jinsi sufuria ya kande inavyokaa jikoni tangu asubuhi. Presha kuka inaufungia mvuke ndani, joto linapanda kupita nyuzi 110, na maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva ndani ya nusu saa. Kande, saa moja hivi.

Bado sijafika kwenye sababu yangu kubwa, ambayo ni magadi. Wewe unajua, maharage yakigoma huku kwetu mtu anatupia magadi. Mama yangu alitupia, na mimi nilitupia miaka mingi. Magadi ya ukanda huu yana floraidi, na maji mengi ya upande wa Meru na Arusha tayari yana yake, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano. Umewaona watu waliokulia Maji ya Chai na vijiji vya jirani, meno ya kahawia yenye madoa? Mtu huyo hupiga mswaki kama wewe. Floraidi ilimwingia utotoni, meno yalipokuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, na haitoki tena. Ikizidi sana kwa miaka, hupinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kuna visima na chemchemi za huko zinazopita hapo mara kadhaa. Tatizo lenyewe ni kubwa kiasi kwamba pale Ngurdoto kulijengwa kituo cha Wizara ya Maji cha kutafiti namna ya kuiondoa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "usijali, utachemsha", mjibu kwa upole kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, na uliyobaki nayo ni makali zaidi ya uliyoanza nayo. Chujio la kawaida la mshumaa nalo linazuia tope na vijidudu, floraidi inapita. Machujio ya mkaa wa mifupa ndiyo hupunguza. Maji ya mvua pia ni salama kwa upande huo, kama bati ni safi na umeyamwaga ya kwanza. Arusha mjini maji hutoka vyanzo tofauti na hayafanani, basi mwenzako aende mamlaka ya maji ya jiji aulize bomba la Sakina linatoka chanzo gani na kipimo chake ni kiasi gani. Ni swali la dakika kumi. Utakapojaliwa mtoto utanikumbuka.

Unaona sasa ndoo zako zilivyokuwa na maana? Andika ndoo mbili za lita 20, zenye mfuniko na bomba, moja ya maji ya kunywa na moja ya akiba. Na presha kuka iandike hivi: "lita 6, ya kuweka juu ya jiko la gesi, pamoja na mpira wa mfuniko wa akiba". Huo mpira ukichoka presha haishiki, na kuupata wa saizi ile ile ni kuzunguka mji. Ya umeme ni nzuri, mimi ninayo, ila kwa soketi moja utakuwa unachagua kati ya maharage na friji. Ukiipata, maharage usipitishe nusu ya chombo, yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Na mfuniko usiulazimishe. Ukikataa kufunguka ujue una sababu zake.

Jiko: la mezani, pleti mbili au tatu, la stenlesi, pamoja na mtungi wa kilo 15. Kama mwenzako ana ule wa kilo 6, usiutupe, ndio utakaokuokoa gesi ikiisha saa mbili usiku ndizi zikiwa zimeiva nusu. Mpira wa gesi na regileta vinunuliwe vipya, na viungo vipakwe maji ya sabuni kila unapobadilisha mtungi. Mapovu yakitokea, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo mtungi usiuweke kwenye kona iliyozibwa. Oveni tuifanyie hesabu moja tu: ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti mbili za umeme. Hilo bado si kubwa sana. Kubwa ni kwamba utaokea keki mara mbili kwa mwaka, na keki mbili unaziokea kwenye sufuria yenye mchanga, kama walivyookewa waliokuzaa.

Jiko la mkaa pia liwepo, dogo, la ndizi za kuchoma. Lakini mwezi wa saba Arusha ikianza kuuma, msiliingize ndani ya chumba mkafunga madirisha ili mpate joto. Hewa ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia wasioamka. Blanketi zito liongeze kwenye orodha, ingawa si la jikoni.

Vyombo vya mezani sitavikawiza. Sahani 12 nyeupe za udongo, za aina inayouzwa moja moja, ili ikivunjika uiongeze. Hotipoti tatu. Chupa za chai MBILI, na hapo naandika kwa herufi kubwa kwa sababu unazozijua.

Halafu kuna vile vitu vilivyompeleka dada yako kwa jirani: miko miwili, upawa, kisu kimoja cha maana na kidogo cha kumenyea ndizi, mbao mbili za kukatia, moja ya nyama na moja ya mboga, chujio la chai, ungo, karai, beseni, upekecho wa mtori, kikwaruzo, kibao cha chapati na mti wake. Ukizunguka soko la Mbuyuni asubuhi moja unavipata vyote, na jumla yake haifiki bei ya hiyo mashine ya kahawa. Nani anakunywa kahawa ya mashine? Tunaishi chini ya mlima wa kahawa na nusu yetu tunakunywa chai.

Hivi vidogo ndivyo nitakavyotumia kukusuluhisha na mama mdogo.

Mama yako mdogo haogopi ndoo. Anaogopa aibu. Amekulea mtoto asiye wa tumbo lake, na siku hiyo ukumbi mzima utamwangalia yeye kuona amekutoa vipi. Wewe ulimwambia "ndoo", yeye akasikia "hukuniandaa". Kwa hiyo usiende na hoja za nafasi na soketi kwanza. Nenda na namna ya kuufanya ukumbi usimame.

Fikiria mwenyewe. Zawadi ya oveni inaingiaje ukumbini? Ndani ya boksi, imebebwa na vijana wawili wanaotoka jasho, haionekani, watu wanaangalia maandishi ya kiwandani. Sasa fikiria wamama wa jumuiya kumi na wawili wanaingia kwa mstari wanacheza, mmoja mwiko juu, mwingine ungo kichwani, mwingine upawa, mwingine anapepeta, wa mwisho ana beseni la kupokelea vyote, limefungwa utepe wa rangi ya sare. Hapo MC mwenyewe ataacha kusema. Na somo wako atafundishia nini siku hiyo? Nilishaona somo mmoja akifundisha kupika huku nyuma yake kuna maikrowevu tatu, hana mwiko wa kushika, akatumia chelewa ya kufagilia. Watu walicheka, bibi harusi hakucheka.

Kuna na hili la chini ya kapeti. Katika wamama hao yupo ambaye mkononi ana elfu kumi na tano, tena ya vikoba. Orodha ya mama mdogo jinsi ilivyo inamwambia abaki nyumbani. Fungu la miko na upawa linampa mahali pa kucheza. Mama mdogo ni mtu wa kanisa na wa kamati, hili ataliona kabla hujamaliza sentensi.

Kitu kikubwa kinachoonekana kwa mbali pia kiwepo, usimnyime. Mpe friji. Liandike juu kabisa ya orodha, la milango miwili, la upana wa sentimita ulizopima jikoni, pamoja na kile kifaa cha kulilinda umeme ukipanda na kushuka, na umwambie hilo ni lake na dada zake, wao ndio wafunge zawadi. Hapo pia ndipo utakapomtuliza mchumba wako anayetaka hela: mchango wa friji ukusanywe, litangazwe ukumbini, lakini linunuliwe Arusha baada ya harusi. Mnakwepa nauli ya kirikuu, mnakwepa friji kulazwa ubavu njia nzima, na likisumbua duka liko mjini kwenu. Zaidi ya hapo, hela zisiombwe. Hela ya kicheni pati inayopita mikononi mwa kamati ina tabia ya kugeuka soda na mapambo, na hakuna mtu mmoja wa kumlaumu.

Usisubiri Jumapili baada ya ibada, watu wamesimama nje ya kanisa na kila mtu ana sikio. Nenda kwake Jumamosi jioni, peke yako, na wala usimtumie wasapu. Msaidie kumenya ndizi kwanza. Halafu sema hivi, au kwa maneno yako: "Mama, ile karatasi nimeisoma, na nimeona unavyotaka nitoke kwa heshima. Naomba nikuonyeshe jiko nitakaloingia." Mpe daftari, umechora lile jiko na vipimo vyake. Nyamaza. Mwache yeye ndiye aseme kwamba oveni haiingii. Akishasema, ndipo umweleze ya wamama kumi na wawili na miko, na ya friji lake. Akinuna, mwachie usiku mmoja. Hujafika hatua ya kwenda na isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha.

Orodha ikishakubaliwa, usiishike wewe. Aishike dada yako, yeye ana uchungu nayo. Aiweke kwenye kundi la wasapu, kila kitu na saizi yake na idadi yake, mtu akichagua anaandika jina mbele na kinafungwa. Ndiyo dawa ya chupa kumi na moja. Kwa vya umeme na gesi aombe risiti ya EFD na karatasi ya waranti viwekwe ndani ya boksi, na kimya kimya awaulize wanunuzi kama duka linakubali kubadilisha. Maikrowevu lazima itakuja, hata ukiandika nini. Kuna shangazi wa upande wa pili ameshainunua tangu Pasaka. Ipokee ucheze nayo, halafu mwezi ukipita ibadilishe kwa blenda yenye jagi la kioo.

Nimebakiza kinu. Hicho kipokee kwa mikono miwili na usimwambie mama mkwe habari za hatua tatu kwa mbili. Mwombe tu, kupitia kwa mwanawe, kama ataweza kukuletea kile kifupi cha kutwangia vitunguu saumu na karanga badala ya kile kirefu cha mahindi. Aseme ni kwa sababu utakitumia kila siku, na itakuwa kweli. Akishuka na kirefu hivyo hivyo, kipe nafasi mlangoni kwa nje, mdomo ukiwa umefunikwa beseni ili mvua isikipasue, na akija kukutembelea akute umekitwangia kitu, hata kama ni mahindi ya kande moja uliyoyakoboa asubuhi ile ile baada ya kusikia amepanda basi.